Wasomaji Wanauliza: Miaka, Majina na Mataji ya Wafalme wa Misri ya Kale

Toleo lililopita tulichapa jedwali la wafalme wa Misri ya kale, kuanzia Narmer hadi Cleopatra VII, na barua zimemiminika. Tumechagua saba. Zilizofanana tumeziunganisha, na zilizokuwa ndefu tumezipunguza bila kugusa swali lenyewe.

SWALI: Ndugu Mhariri, jedwali lenu linampa Khufu, yule wa piramidi kubwa, miaka 26 au 27 ya kutawala. Kitabu ninachofundishia kina 23. Mwanafunzi wangu mmoja kaja na 63. Nimwambie nini? Na hiyo "takriban" mliyoipachika kila mstari ni ya nini? — Mwalimu wa historia, Morogoro

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako hakudanganywa. Namba zote hizo zina kwao.

Ile 63 ni ya Manetho, kuhani wa Kimisri aliyeandika historia ya nchi yake kwa Kigiriki katika karne ya 3 KK, yaani zaidi ya miaka 2,000 baada ya Khufu. Kitabu chake kimepotea. Tulicho nacho ni dondoo walizozinukuu waandishi wa baadaye: Josephus, Africanus, Eusebius na, karibu mwaka 800 BK, Syncellus. Kila mkono ulionakili uliweza kuchafua tarakimu. Ile 23 ni ya mafunjo yanayotunzwa Turin, Italia, orodha ya wafalme iliyoandikwa zama za Ramesses II nyuma ya karatasi kuukuu ya hesabu za kodi. Hii ni shahidi bora kuliko Manetho, maana inatoa miaka na mara nyingine hata miezi na siku, ila imetufikia ikiwa vipande zaidi ya 300. Herodotus naye, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 5 KK, aliambiwa miaka 50.

Sisi tumekwenda na 26 au 27 kwa sababu moja tu: ndiyo namba pekee inayotoka kwa watu waliokuwa kazini Khufu akiwa hai. Mwaka 2013 timu ya Pierre Tallet ilichimbua mafunjo kwenye bandari ya kale ya Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu. Hayo ndiyo mafunjo yenye maandishi ya kale kuliko yote yanayojulikana. Humo mna daftari la kazi la Merer, msimamizi wa kikosi cha watu wapatao 40 waliosomba mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura hadi Giza, safari mbili au tatu za kwenda na kurudi kila siku kumi. Ni daftari la kazi kavu kabisa: leo tumepakia, leo tumesafiri, leo tumelala mahali fulani. Tarehe iliyomo ni "mwaka baada ya hesabu ya 13".

Hesabu inayosemwa ni ya ng'ombe wa nchi nzima. Kwa kawaida ilifanywa mwaka mmoja na kurukwa mwaka unaofuata, ndiyo maana miaka iliitwa kwa zamu "mwaka wa hesabu ya kadha" na "mwaka baada ya hesabu ya kadha". Ukitaka kuigeuza kuwa miaka ya kawaida, zidisha mara mbili. Kama hesabu ya kwanza ilifanyika mwaka wa 1 wa utawala, basi mwaka baada ya hesabu ya 13 ni wa 26. Kama ilifanyika mwaka wa 2, ni wa 27. Kwa vyovyote, 23 haitoshi na 63 imevuka mpaka.

Kanuni hiyo ina mtego, nao uko kwa baba yake Khufu, Sneferu. Katika maandishi ya wakati wake, miaka "ya hesabu" ni mingi kuliko miaka "baada ya hesabu", dalili kwamba baadhi ya hesabu zilifuatana mwaka hadi mwaka. Ukizidisha kwa mbili bila kuangalia, utamrefushia Sneferu utawala ambao hakuuona.

Sasa hiyo "takriban". Wamisri hawakuwa na kalenda ya mfululizo kama tuliyo nayo. Mfalme akifa, hesabu inarudi mwaka wa 1. Kwa hiyo tarehe zetu zote ni jumla: tunaanzia mahali pa uhakika na kurudi nyuma, tukiongeza utawala juu ya utawala, na kosa la miaka mitatu kwa mfalme mmoja linawafuata wote waliomtangulia. Mahali pa uhakika ni 664 KK, mwaka aliokufa Taharqa. Tunaujua kwa njia ambayo mhasibu angeipenda. Fahali mtakatifu wa Apis alizaliwa mwaka wa 26 wa Taharqa, akafa mwaka wa 20 wa Psamtik I, na jiwe lake la kaburi kule Saqqara linasema aliishi miaka 21. Basi kati ya Taharqa na Psamtik hapana pengo la kuficha miaka ya ziada. Kutoka Psamtik kuja hadi Waajemi walipoiteka Misri mwaka 525 KK, mnyororo umekamilika.

Nyuma ya 664 mambo yanaanza kulegea. Wafalme wengine walitawala wakati mmoja katika miji tofauti, kama Wahyksos, watawala wa kigeni wa Avaris, na wafalme wa nasaba ya 17 wa Thebes, lakini Manetho amewapanga mmoja nyuma ya mwenzake. Wengine walitawala pamoja, baba na mwana. Wanaastronomia husaidia kidogo. Kalenda ya Wamisri ilikuwa na siku 365 kamili, miezi 12 ya siku 30 na siku 5 za nyongeza, bila mwaka mrefu, hivyo iliteleza siku moja kila miaka minne. Mafunjo ya Illahun yanataja kuchomoza kwa nyota ya Sirius mwezi wa 4 wa majira ya pili, siku ya 16, katika mwaka wa 7 wa mfalme anayedhaniwa kuwa Senusret III. Kutokana na hapo unaweza kupiga hesabu, lakini lazima kwanza useme mtazamaji alisimama wapi. Sirius huonekana mapema kusini kuliko kaskazini, karibu siku moja kwa kila nyuzi moja ya latitudo, na siku moja ni miaka minne. Kati ya Memphis ya kaskazini na Elephantine ya kusini pana nyuzi kama sita. Kwa hiyo ukimhamisha mtazamaji kutoka mji mmoja hadi mwingine, mfalme naye anahama zaidi ya miaka 20.

Mwaka 2010 vipimo vya kaboni vya sampuli 211 za mimea kutoka makaburini viliuweka mwanzo wa nasaba ya 18 kati ya 1570 na 1544 KK. Hiyo ni kazi nzuri, na bado ni pengo la miaka 26. Kwa wajenzi wa piramidi pengo ni kubwa zaidi. "Takriban" itabaki, Mwalimu.

SWALI: Mhariri, nina vitu viwili. Kidani cha fedha nilicholetewa zawadi kutoka Cairo, chenye kile kiduara kirefu cha majina ya wafalme. Na hapa sokoni kuna mwenye duka ananiuzia kijiwe cha umbo la dundu, chini kimechorwa jina. Anasema ni la Thutmose III na kwamba kijiwe ni cha enzi zake. Nitajuaje? — Msomaji, Muscat

JIBU: Tuanze na kusoma, kisha tuje kwenye pesa zako.

Mfalme wa Misri alipokamilika kimajina alikuwa na majina matano. Matatu ya mwanzo hayamo ndani ya kiduara. Mawili ya mwisho ndiyo yanayozungushiwa kartushi, ambayo ni kamba iliyofungwa fundo upande mmoja, ikavutwa ikawa ndefu ili jina lienee. Kartushi ya kwanza ina jina la kiti, alilopewa alipotawazwa. Juu yake au mbele yake utaona mmea wa ndago na nyuki. Ya pili ina jina alilozaliwa nalo, na mbele yake yuko bata pamoja na duara la jua, maana yake "mwana wa Ra". Ukiona ndago na nyuki, shughulika na kartushi hiyo kwanza, kwa sababu majina ya kuzaliwa yanajirudia mno. Walikuwapo akina Ramesses 11, na tarakimu za Kirumi tumewapachika sisi. Wao hawakujihesabu hivyo. Jina la kiti ndilo linalowatenga: Ramesses II ni Usermaatre Setepenre, Ramesses III ni Usermaatre Meryamun.

Kabla ya kusoma alama yoyote tazama ndege, wanyama na watu wanaangalia wapi. Wanaangalia mwanzo wa mstari, kwa hiyo wewe unasoma ukiwaendea usoni. Kisha tafuta duara la jua. Hapa ndipo wanaoanza wanapojikwaa: alama ya mungu huandikwa kwanza kwa heshima, lakini katika majina mengi husomwa mwisho. Jina la kiti la Thutmose III lina duara la jua, ubao wa kuchezea wenye kete juu yake, na dundu. Ukisoma kama lilivyopangwa unapata Re-men-kheper. Jina lenyewe ni Menkheperre. La Tutankhamun lina duara, dundu, vistari vitatu na ungo. Vistari vitatu vinaonyesha wingi, ungo unasomwa kwanza, jua mwisho: Nebkheperure.

Kidani chako, kama kina simba, jani la tete, mkono na tumbusi vimepangwa kimoja kimoja bila ndago, nyuki wala bata, basi ni jina la mtu wa leo lililoandikwa kwa herufi moja moja ili kufurahisha wageni. Hakuna ubaya, valia.

Kijiwe ni habari nyingine. Hata kama jina ni Menkheperre kweli, na hata kama kijiwe ni cha kale kweli, si lazima kiwe cha enzi za Thutmose III. Jina hilo liligeuka hirizi. Mafundi waliendelea kulichora kwenye madundu karne nyingi baada ya mwenyewe kuzikwa. Jina linakwambia kijiwe si cha zamani kuliko mfalme huyo, basi. Cha kale kwa kawaida kimetobolewa kutoka kichwani hadi mkiani ili kipitishwe uzi au pini ya pete. Angalia midomo ya tundu kwa kioo cha kukuzia: kilichovaliwa kina kingo zilizolainika. Kingo kali, mikwaruzo myeupe ndani ya herufi, na uchafu uliojaa kwenye mitaro tu huku migongo iking'aa ni dalili za kazi ya juzi. Na dalili mbaya kuliko zote ni maandishi yaliyopinduliwa nusunusu, ndege wengine wakitazama kulia na wengine kushoto ndani ya jina moja.

Lakini swali la kwanza kwa mwenye duka si la patasi wala kioo. Sheria ya Misri namba 117 ya mwaka 1983 ilipiga marufuku biashara ya vitu vya kale na kuvitoa nchini. Mwombe karatasi zinazoonyesha kijiwe kilitoka lini na kwa njia gani. Akikosa, ama anakuuzia cha bandia, ama anakuuzia kesi.

SWALI: Darasa la sita tunaandaa igizo la Musa na Farao. Mwaka jana Farao alivaa kilemba cha khanga na watu wakacheka. Tumvishe nini kisifanane na mchezo? — Mwalimu wa sanaa, Kisumu

JIBU: Mavazi ya nasaba ya 19 yatawafaa, ndiyo maigizo mengi huyachukua. Usihangaike na taji la kupachika. Mshonee nemes, kile kitambaa cha mistari kinachoonekana kwenye kinyago cha Tutankhamun. Chukua pamba ya mistari ya buluu na manjano, sentimita 90 kwa 90, mtoto mdogo 80. Itie wanga mzito na uipige pasi, maana hapa ndipo kilemba chenu kilipoharibika: kitambaa laini hulala kichwani kikawa mtandio. Weka ukingo ulionyooka kwenye paji la uso, juu kidogo ya nyusi, funga utepe kuzunguka kichwa, na pitisha kitambaa nyuma ya masikio. Masikio yabaki nje. Pembe mbili za mbele zishuke hadi kifuani, kitambaa kilichobaki nyuma kikusanywe na kuzungushiwa uzi kama mkia mmoja mgongoni. Katikati ya paji pachika fira aliyeinua kichwa, wa kadibodi au waya.

Ndevu ni za bandia hata kwa mfalme mwenyewe, zilifungwa kwa kamba hadi masikioni. Kwa mfalme aliye hai ziwe zimenyooka, urefu wa sentimita 12 hivi. Zikipinda mbele kwenye ncha umemvisha ndevu za mungu, au za mfalme aliyekufa akawa Osiris, mungu wa wafu, na Farao wenu bado ana mistari ya kusema. Kiunoni ni kikoi cheupe chenye mikunjo na kipande kinachoning'inia mbele, na nyuma kwenye mkanda mkia wa fahali. Huo mkia watu huusahau, wakati yumo nao hata Narmer kwenye bamba lake la jiwe lililofukuliwa Hierakonpolis mwaka 1898. Mikononi ashike fimbo fupi ya mchungaji iliyopinda kichwa na mjeledi wa nyuzi tatu zenye shanga, lakini akiwa amekaa kitini tu. Akisimama kupigana au kukimbiza watu, mnyang'anye mumpe rungu au upinde.

Msalaba wenye kitanzi juu, ankh, mpeni mungu. Katika michoro mingi ni miungu wanaousogeza puani kwa mfalme, kumpa uhai.

Mkitaka mataji kwa ajili ya bango: jeupe, refu kama kibuyu chembamba, ni la kusini. Jekundu, lenye mgongo ulioinuka na kishikizo kinachojipinda mbele, ni la kaskazini. Yakiingizwa moja ndani ya jingine ni la nchi zote mbili. Bamba la Narmer, lenye urefu wa sentimita 64 hivi, linamwonyesha na jeupe upande mmoja na jekundu upande wa pili. Mchoro wa zamani zaidi wa taji jekundu uko kwenye kigae cha chungu kutoka Naqada, na Naqada iko kusini, kwa hiyo mgawanyo huo wa rangi na pande za nchi ulikuja kunyooshwa baadaye. Taji la buluu, lile la umbo la kofia ngumu yenye vidoti, lilishamiri nasaba ya 18. Watu huliita la vita, ingawa wafalme walilivaa hata hekaluni.

Vipimo halisi vya mataji hayo hatuwezi kuwapa, kwa sababu hakuna hata moja lililofukuliwa. Kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922, lilikuwa na vitu zaidi ya 5,000. Mlikuwa na fimbo na mijeledi ya kifalme, na kichwani mwa mfalme mlikuwa na utepe wa dhahabu, lakini hamkuwa na taji jeupe, jekundu wala la buluu.

SWALI: Ni kweli ndevu za kinyago cha Tutankhamun zilivunjika zikagundishwa kwa gundi ya dukani? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Zilichomoka mwaka 2014 na zikarudishwa haraka kwa gundi ya epoksi, ambayo ikaacha alama inayoonekana. Hazikuvunjika, maana tangu mwanzo zilikuwa kipande cha peke yake. Hata zama za Howard Carter, mgunduzi wa kaburi hilo, zilikuwa zimeachana na kidevu. Mwaka 2015 wataalamu wakiongozwa na Christian Eckmann wa Ujerumani waliikwangua epoksi taratibu kwa vifaa vya mbao ili wasikwaruze dhahabu, kisha wakazirudisha kwa nta ya nyuki, kitu ambacho mafundi wa kale nao walikitumia na ambacho kinaweza kutolewa tena siku ikihitajika. Epoksi ubaya wake ndio huo: haitoki kirahisi.

SWALI: Hapa Mwanza kuna ubishi kijiweni. Mmoja anasema Wamisri waliandika kimo cha maji ya Nile kila mwaka kwa mamia ya miaka, na kwamba yale mafuriko yalikuwa maji ya ziwa letu. Tuamulieni. — Wana kijiwe, Mwanza

JIBU: La kwanza ni kweli, la pili si kweli.

Ushahidi ni jiwe la Palermo, kipande cha bamba jeusi chenye urefu wa sentimita 43 hivi na upana wa 25, kinachotunzwa Palermo, Sicily. Vipande vingine vya kumbukumbu za aina hiyo viko Cairo na London. Mistari imegawanywa vyumba, chumba kimoja mwaka mmoja, na kati ya chumba na chumba umesimama ufito wa kuti uliopinda juu, alama ya mwaka. Ndani ya chumba pameandikwa yaliyotukia: sanamu ya mungu imetengenezwa, mfalme amefanya ziara yake, ng'ombe wamehesabiwa. Chini kabisa, katika kijichumba chake, kimo cha mafuriko. Kipimo ni dhiraa ya kifalme, kama sentimita 52, yenye viganja 7, na kila kiganja vidole 4. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa, tuseme, dhiraa 4 na viganja 2 unakuwa kama mita 2.2. Mtumie namba hizo kulinganisha mwaka na mwaka. Msizichukue kuwa kina cha mto.

Kwa nini mfalme aandike maji? Kwa sababu maji ndiyo mavuno, na mavuno ndiyo kodi. Mafuriko yakiwa mafupi, mashamba ya juu hayalowi. Yakizidi, yanabomoa tuta na kuchelewesha kupanda.

Kuhusu ziwa: mafuriko ya Misri yalitokana na mvua za kiangazi cha kaskazini katika nyanda za juu za Ethiopia, zikishuka kwa Nile ya Buluu na Atbara. Maji ya Ziwa Victoria hayana haraka. Ziwa lenyewe huyatuliza, na yakifika mabwawa ya Sudd huko Sudani Kusini karibu nusu hupotea hewani. Kazi yake ilikuwa nyingine: kuufanya mto usikauke miezi ambayo Ethiopia haina mvua. Huyo mwenzenu mnunulieni kahawa, hakukosea yote.

Jiwe hilo hilo lina habari za safari pia. Sneferu aliletewa merikebu 40 zilizojaa mbao za mierezi. Sahure alipata vipimo 80,000 vya manemane kutoka Punt, nchi ya upande wa Pembe ya Afrika. Ila likisema Sneferu alitoka Nubia na mateka 7,000 na mifugo 200,000, soma taratibu. Idadi ya merikebu ilijulikana na karani wa bandari. Mifugo 200,000 ilihesabiwa na mtu aliyetaka mfalme apendeze.

SWALI: Kwa nini jedwali lenu lina Hatshepsut, Akhenaten na Tutankhamun, wakati orodha ya hekalu la Abydos, iliyochongwa na Wamisri wenyewe, haina? Ninyi mnajua kuliko wao? — Msomaji, Bukavu

JIBU: Swali zuri, na lina ukali wake. Jibu liko kwenye kazi ya ile orodha.

Kwenye ukuta wa hekalu la Seti I huko Abydos zimechongwa kartushi za wafalme 76, safu mbili za 38, kuanzia Meni, anayehesabiwa mfalme wa kwanza, hadi Seti mwenyewe. Safu ya tatu chini inarudia majina ya Seti tu. Pembeni amesimama Seti, na mbele yake mwanawe, Ramesses II wa baadaye, bado kijana, ameshika karatasi ya kusomea. Ni tambiko. Wazee wanatajwa ili wapate sadaka zao, na anayekaribishwa mezani huchaguliwa. Seti hakuwa na sababu ya kumlisha mtu ambaye ukoo wake ulimwona haramu.

Waliofutwa ni wengi kuliko hao uliowataja. Baada ya Amenemhat IV orodha inaruka moja kwa moja hadi Ahmose, ikiwaacha Sobekneferu, nasaba za 13 hadi 17 na Wahyksos wote. Baada ya Amenhotep III anakuja Horemheb, kana kwamba Akhenaten, Tutankhamun na Ay hawakuzaliwa.

Miaka yao lakini haikuweza kufutwa, maana kesi za ardhi zilikuwa na tarehe. Hapo ndipo pana ushahidi mtamu. Katika kaburi la Mose, karani wa Saqqara wa enzi za Ramesses II, imeandikwa kesi ndefu ya shamba la ukoo, na ndani yake mnatajwa "mwaka wa 59" wa Horemheb. Horemheb hakutawala miaka 59. Mitungi ya mvinyo iliyokutwa kaburini mwake inaishia mwaka wa 14. Makarani walichukua miaka ya wale wasiotajwa wakamwongezea yeye. Kesi hiyo hiyo inamtaja Akhenaten bila kumtaja jina: "adui wa Akhetaten", yaani wa mji aliouanzisha.

Hatshepsut, mwanamke aliyetawala kama mfalme, ni kisa tofauti kidogo. Watu hupenda kusema Thutmose III alimfuta kwa chuki, lakini ufutaji ulianza miaka kama 20 baada ya kifo cha Hatshepsut, na ulilenga sanamu na maandishi yanayomwonyesha kama mfalme. Pale alipoonyeshwa kama mke wa mfalme aliachwa. Hiyo inanuka siasa ya kurithi kiti kuliko hasira. Na patasi zilikuwa na haraka: sehemu nyingi za hekalu lake la Deir el-Bahari walisahau herufi "t" ya kike mwishoni mwa vitenzi na vyeo, kwa hiyo jina ni la mwanamume na sarufi bado ni ya mwanamke. Ndivyo wataalamu wa karne ya 19 walivyoanza kumshuku.

SWALI: Katika picha za makumbusho, mtu atawatambuaje wafalme wa Kushi, wale waliotoka Sudani wakaitawala Misri? — Mwanafunzi wa chuo, Kampala

JIBU: Tazama paji la uso. Mfalme wa Misri kwa kawaida ana fira mmoja. Wa Kushi, wale wa nasaba ya 25 (Piye, Shabaka, Shebitku, Taharqa na Tanutamani), wana mafira wawili waliosimama sambamba. Kichwani mara nyingi ni kofia iliyobana fuvu, yenye utepe kuizunguka, badala ya nemes. Shingoni ni uzi wenye vichwa vya kondoo dume, alama ya Amuni, kimoja katikati na viwili vikining'inia mabegani.

Usichanganye na Tutankhamun: pale wako wawili pia, lakini mmoja ni tumbusi na mwingine ni fira. Malkia wengine wa Misri nao wana mafira wawili, kwa hiyo soma na vazi zima.

Kuna kikwazo kimoja utakachokutana nacho picha kwa picha. Mwaka 593 KK Psamtik II alipeleka jeshi Kushi, na nyumbani Misri mafundi wakatumwa kwenye sanamu na kuta za nasaba ya 25. Walikwangua majina, na pale penye mafira wawili waling'oa mmoja au wote. Kwa hiyo ukikuta sanamu yenye kofia ya kubana, fira mmoja akiwa amesogea pembeni badala ya kukaa katikati, na karibu naye pana kovu la patasi, umempata Mkushi. Sanamu za huko kwao ziliumia zaidi. Januari 2003 timu ya Charles Bonnet ilifukua shimoni huko Dukki Gel, karibu na Kerma, vipande vya sanamu saba za mawe meusi za wafalme watano, akiwamo Taharqa, Tanutamani na Aspelta. Zilikuwa zimekatwa shingoni na miguuni. Zimeunganishwa na ziko makumbusho ya Kerma, na juu ya mataji na mapambo yake bado yanaonekana mabaki ya chokaa ambayo mafundi waliipaka ili dhahabu ishike.